Jumamosi tano za Wayunani na Wahindi, Ngamiani: darasa nyota nne, kahawa nyota mbili

Nimelipa elfu ishirini. Kwa fundi cherehani wa Tanga elfu ishirini si pesa ya kuokota. Ni uzi, ni zipu, ni vifungo vya wiki kadhaa. Kwa hiyo haya naandika kama mteja aliyetoa pesa yake, si kama jirani anayempigia Mwalimu debe.

Darasa liko Ngamiani, chumba cha nyuma cha mgahawa wa kahawa. Bango hakuna. Uliza "darasa la Wayunani", utaonyeshwa, japo anayekuonyesha atacheka kwanza. Mwalimu ni mstaafu, kafundisha historia sekondari maisha yake yote, na sasa akijisikia hukusanya watu kumi, kumi na watano, akawafundisha jambo moja kwa Jumamosi tano. Mnaanza saa kumi na nusu, watu wakishatoka kuswali Alasiri, mnamaliza kwa adhana ya Magharibi. Ukilipa siku kwa siku ni elfu tano. Ukilipa zote kwa mkupuo, siku moja unasamehewa. Awamu yetu ilikuwa vita, falsafa na maisha ya Ugiriki ya kale na India ya kale.

Kilichonipeleka mie ni gauni. Mteja wangu mmoja, binti wa benki, aliniletea kitambaa cheupe chepesi, ana sendofu, anataka "gauni la Kigiriki". Picha aliyonionyesha kwenye simu haikuwa na mshono hata mmoja wa kueleweka. Siku ya kwanza, salamu hazijaisha, nikamuuliza Mwalimu. Akaomba kanga, akamwita kijana wa kahawa asimame mbele, akamvalisha juu ya shati lake: kitambaa cha mstatili, hakikatwi shingo wala mikono, unakizungusha mwilini, unabana mabegani kwa pini mbili, kiunoni mkanda. Basi. Ndivyo walivyovaa wanawake wa Kigiriki. Kijana wa kahawa alitaniwa wiki nzima, nami nikabaki mdomo wazi. Kumbe ni kanga yenye pini! Binti wa benki nilimtoza ufundi kama kawaida, na msinihukumu, kupanga mikunjo nako ni kazi.

Siku hiyohiyo tulisomewa habari za Nearchus, amiri wa merikebu za Alexander Mkuu, mfalme wa Makedonia aliyeivamia India, aliyeandika jinsi Wahindi walivyovaa. Kanzu inayofika katikati ya muundi, kitambaa kingine mabegani na kuzungushwa kichwani, matajiri na hereni za pembe za ndovu, ndevu wanazitia rangi, na viatu vya ngozi nyeupe vyenye soli nene ili mtu aonekane mrefu. Miaka mia na zaidi kabla yake Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, alishaandika kwamba India ina miti ya mwituni inayozaa sufu nzuri kuliko ya kondoo. Ndiyo pamba hiyo, jamani. Na askari wa Alexander walipoipata pamba ya watu, waliifanyia nini? Wakajazia mito na matandiko ya farasi. Niliumia kama vile kitambaa kilikuwa changu.

Sasa niseme ya uchungu, maana sikulipia utamu peke yake.

Viti ni vya plastiki na vimekwisha kupinda. Saa mbili juu yake kiuno kinalalamika. Kahawa na kashata tuliambiwa zimo ndani ya ada. Jumamosi ya kwanza na ya pili zilikuwemo. Ya tatu tukaletewa kahawa bila kashata, ya nne tukaambiwa kila mtu ajinunulie. Feni ni moja, inampepea Mwalimu. Projekta ya kukodi iliwaka dakika kumi, umeme ukakatika, na tangu hapo hatukuiona tena, jambo ambalo kwa kweli lilitusaidia, maana Mwalimu bila picha anasimulia vizuri zaidi.

Kubwa ni makaratasi. Anagawa kurasa kapiga fotokopi, zote Kiingereza, herufi kama chawa. Nikamwambia, "Mwalimu, shikamoo yako iko palepale, lakini sisi wengine hapa Kiingereza chetu ni cha kusoma lebo ya kitambaa." Hakukasirika. Akajibu kwa kisa. Alexander alipofika Taxila, mji wa Wahindi, alisikia kuna wenye hekima wanaokaa uchi juani, akamtuma Onesicritus, mwanafunzi wa mwanafalsafa Diogenes, akawahoji. Mkubwa wao, Mandanis, akamwambia: tunazungumza kupitia wakalimani watatu, na hao wakalimani hawajui zaidi ya lugha, kutaka uelewe hekima kwa njia hiyo ni kama kutaka maji safi yapite kwenye matope. "Basi fundi," akasema, "mie ndiye matope yenu. Nivumilieni." Darasa zima likacheka, makaratasi yakabaki Kiingereza.

Kisa kina mkia, na mkia wenyewe unanihusu. Onesicritus alimtajia Mandanis wanafalsafa wa Kigiriki, akina Pythagoras na Socrates. Mandanis akasema naam, hao nao wana akili, wamekosea moja tu: wameitanguliza desturi mbele ya maumbile, la sivyo wasingeona haya kutembea uchi kama yeye. Hekima ya kuniharibia biashara hiyo. Nimeikataa.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya vita, na hapo Mwalimu anajisahau. Alituzungusha na Alexander mlima hadi mlima, mji hadi mji, mpaka mzee mmoja, nahodha mstaafu, akaanza kusinzia. (Mzee huyu yeye humwita Iskandari tu, na ukimwambia Alexander anakuuliza huyo ni mchezaji wa timu gani.) Tulipofika mto Hydaspes, ambao leo unaitwa Jhelum, uko Pakistani, usingizi ukaisha. Mwaka 326 KK. Ng'ambo ya mto amesimama mfalme wa Kihindi, Porus, na tembo wake. Farasi wa Alexander hawawezi hata kusogelea ukingo, sura na mlio wa tembo vinawatia wazimu. Basi kila usiku Alexander akawa anafanya makelele ya kuvuka huku na kule, Porus anakimbizana nayo, hamna kitu. Usiku baada ya usiku, mpaka Porus akachoka kuamka. Ndipo, usiku wa mvua na radi, Alexander akavukia mbali, kwenye pindo la mto.

Kilichofuata kilikuwa tope. Magari ya farasi ya Wahindi yakakwama. Pinde zao zilikuwa ndefu sawa na kimo cha mtu, unaegemeza ncha ardhini, unakanyaga kwa mguu wa kushoto, ndipo unavuta. Kwenye utelezi haziegemei. Tembo walipobanwa, waongozaji wao wakishapigwa mishale, wakakanyaga yeyote aliye karibu, rafiki na adui. Porus alipigana mpaka mwisho juu ya tembo wake, kajeruhiwa bega, na alipoulizwa anataka atendewe vipi, akasema, kifalme. Akarudishiwa nchi yake.

Hapo nahodha akaamka kabisa. "Mwalimu, hao tembo ni nyuki wetu." Kwa wasio wa hapa nieleze. Novemba 1914 Waingereza walishusha Tanga karibu askari 8,000, wengi wao Wahindi walioletwa kwa meli kutoka kwao, kuja kuuchukua mji kwa Wajerumani, ambao pamoja na askari Waafrika hawakuzidi sana 1,000. Walishindwa. Katikati ya risasi nyuki walitoka mizingani wakaumauma watu, na Waingereza wakaamini Wajerumani wamewatega. Nyuki hawakuwa wa mtu. Nahodha akaendelea: hao Wahindi waliokufa hapa Raskazone walikuwa wana wa nani, na waliijua Tanga iko wapi? Mwalimu alinyamaza. Nilimpenda kwa kunyamaza kule, wengine wangerukia jibu.

Jumamosi ya tatu ndiyo iliyonirudishia pesa yangu. Kazi yote ya siku ilikuwa watu wawili wanaogoma kupigana. Wa kwanza ni Achilles, katika utenzi wa Homer juu ya vita vya Troy. Mkuu wa majeshi, Agamemnon, kamnyang'anya mwanamke aliyempata kwenye ngawira, Briseis, mbele ya watu, na Achilles anakwenda kukaa hemani. Wa pili ni Arjuna, katika Mahabharata, utenzi mkubwa wa Wahindi. Anamwambia Krishna, anayemwendeshea gari, asimamishe katikati ya majeshi mawili. Anatazama, anawaona babu, mwalimu wake, binamu, wajomba, na upinde unamponyoka mkononi. Mwalimu akauliza: kuna tofauti gani? Zikaanza kelele. Mama mmoja muuza samaki akazikata kwa neno moja. "Yule kasusa," akasema. "Huyu mikono imekufa ganzi." Sijasikia bora ya hilo. Anayesusa anataka aje abembelezwe. Arjuna habembelezeki, anataka kwanza aambiwe kwa nini, na Krishna anamjibu mlango kwa mlango, sura kumi na nane.

Mie nilikamatwa na jambo jingine. Hector, shujaa wa Troy, alipouawa na Achilles, mkewe Andromache alikuwa ndani, anafuma. Kashawaambia wajakazi waweke maji ya moto, mume atakuja kuoga. Kwenye kitambaa anatia maua. Akasikia kilio ukutani mwa mji, kile kijiti cha kupitishia uzi kikamwanguka mkononi. Nimekaa miaka na sindano mkononi, na mara mbili nimepokea simu ya msiba nikiwa kwenye cherehani, najua vinavyoanguka. Mwalimu alipita hapo haraka, alikuwa anawahi kisa cha Priam, baba wa Hector, kwenda usiku kuomba maiti ya mwanawe na kubusu mikono iliyomuua. Ni kisa kikubwa, sikatai. Lakini nilinyoosha mkono nikamwambia, turudi kwa yule mwanamke. Akarudi. Akatupa na Penelope juu yake, aliyefuma sanda mchana na kuifumua usiku miaka mitatu ili asiolewe na wale wanaume waliojazana nyumbani kwake. Yule muuza samaki akasema mafundi wote wa Tanga ni akina Penelope, ndiyo maana nguo za Idi hazitoki kwa wakati. Sikumjibu. Gauni lake liko kwangu tangu Rajabu.

Hili ndilo lalamiko langu la kweli kwa Mwalimu, zaidi ya kashata. Wanawake na wafanya kazi hawatokei mpaka uwaulizie. Nani alimlisha tembo, nani alishona mahema, hayo hayamo kwenye makaratasi. Ukiuliza, anajibu vizuri na kwa furaha. Lakini kwa nini niulize?

Ya nne ilianza na Ashoka, mfalme wa India. Aliipiga nchi ya Kalinga, kisha akaandika mwambani kwamba watu 100,000 waliuawa na 150,000 walihamishwa, na kwamba anajuta. Mwaka 1958 Kandahar yakapatikana maandishi yake kwa Kiyunani na Kiaramu, maana huko walikuwepo Wayunani raia wake. Wahindi waliwaita Yona au Yavana, na neno hilo na letu la Yunani ni ndugu, yote yanatokana na Ionia. Nahodha aliuliza kama wale 150,000 walirudishwa makwao. Mwalimu akasema kwenye mwamba hakuna neno la kuwarudisha, na kwamba katika majuto hayohayo Ashoka anawakumbusha watu wa misituni kuwa nguvu bado anazo. Tukaachia hapo.

Kisha akamleta Menander, mfalme Myunani aliyetawala Punjab kwenye mwaka 150 KK hivi, mji wake Sagala. Wahindi wanamwita Milinda, na wamehifadhi mazungumzo yake na mtawa wa Kibudha, Nagasena. Mfalme anataka wajadiliane. Mtawa anamuuliza: kama wenye hekima, au kama wafalme? Wenye hekima hushindwa kwenye hoja na hawakasiriki. Mfalme ukimpinga anaamuru uadhibiwe. Milinda anachagua ya kwanza. (Natamani swali hilo liulizwe mwanzoni mwa kila kikao cha ukoo.)

Nagasena anasema yeye hayupo, hilo ni jina tu. Mfalme anashangaa. Mtawa anamuuliza amekujaje. Kwa gari la farasi. Haya, ekseli ndiyo gari? Sio. Magurudumu? Sio. Hatamu, nira, bodi? Sio. Basi gari liko wapi? Mwalimu alituonyesha kwa baiskeli ya kijana wa kahawa, aliiingiza ndani akaanza kuifungua kweli, spana mkononi. Tanga kila mtu ana maoni juu ya baiskeli. Darasa likagawanyika vipande viwili baada ya gurudumu la mbele kutoka. Kijana amesimama mlangoni na birika, anasema, "Mwalimu, nina oda Chumbageni." Kwake yeye baiskeli ilikuwepo na ilikuwa inachelewa.

Mwalimu akaongeza kwamba Waathene nao walikuwa na merikebu ya shujaa wao Theseus, ubao ukioza wanatia mpya, mpaka wanafalsafa wakagombana kama bado ni ileile. Nilirudi nyumbani nikaikalia cherehani yangu. Ni ya marehemu mama. Meza nimebadilisha, mkanda mara nyingi, kanyagio, gurudumu dogo, bobini ndiyo usiseme. Kilichobaki cha asili ni kichwa, nacho kimepakwa rangi. Siku zote naiita cherehani ya mama. Nimeendelea kuiita hivyo.

Jumamosi ya tano mvua ilinyesha, tukawa saba. Waliokosa wamekosa. Mwalimu alitusomea mwongozo wa safari ulioandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1 BK na mfanyabiashara aliyekaa Misri, jina lake halijulikani. Anataja bandari ya Barygaza, Gujarati, na kusema kwamba mpaka siku zake mtu huokota huko sarafu zenye jina la Menander, yule yule wa gari la farasi. Kutoka Barygaza vyombo vinaleta vitambaa vya pamba, mchele, samli na mafuta ya ufuta kwenye bandari za upande wa Somalia. Halafu kitabu hichohicho kinashuka kusini, kwetu. Kinataja kisiwa kiitwacho Menouthias, na watu wake wanaovua kwa vikapu vya kusuka wanavyotega penye mkondo. Nahodha akapiga paja. "Dema!" Wana vyombo vilivyoshonwa. "Mtepe!" Mtepe haukuwa na msumari, mbao zilishonwa kwa kamba za kumbi. Na bandari ya mwisho kabisa inaitwa Rhapta, pwani ya Tanzania hii, wataalamu bado wanagombea ilikuwa wapi hasa.

Rhapta, akasema Mwalimu, ni jina la Kiyunani linalotokana na kushona, kwa sababu ya vile vyombo. Nikasimama. Akaniambia, "Kaa fundi, bado." Waimbaji waliozunguka na tenzi za Homer waliitwa washona nyimbo, kwa neno hilohilo. Na sutra, ambalo Wahindi huitia mafundisho yao, maana yake ni uzi. Na katika bidhaa zilizoletwa Rhapta kuna mikuki, mashoka, visu, shanga za kioo, na misharasi. Misharasi! Mtu kasafiri kutoka Bahari ya Shamu kuja kutuuzia sindano za kutobolea, miaka karibu elfu mbili iliyopita, na mie mpaka leo nalalamika bei ya sindano kwa muuzaji wa jumla.

Nilimuuliza nani alikuwa anashona, mwanamume au mwanamke, na alilipwa nini. Akasema kitabu hakitaji. Akaandika swali langu kwenye daftari lake, kwa kalamu nyekundu, la kwanza ukurasani.

Kwa anayetaka kwenda: awamu nyingine inaanza mwezi ujao, watu wasizidi kumi na watano, ulipe mapema. Fika saa kumi kamili ukae upande wa feni. Kahawa kunywa nje kwa mzee wa birika, ni bora na bei ndogo. Mto wa kukalia nenda nao. Mie tangu Jumamosi ya tatu nilikwenda na wa kwangu, wa sufi, na wenzangu watatu wakaniagiza, mmoja akitaka wa pamba. Nikamwambia pamba ni ya kuvaa.